Simu Tatu za Jumanne

Naliendele, Mtwara
Jumamosi, tarehe 9 Mei

Mwanangu Telma,

Tumsifu Yesu Kristo. Pokea salamu zangu mimi mama yako. Unalala, mwanangu? Unakula? Mkwe wangu Jaime msalimie, mwambie mkono wake nimeushika kwa mikono yangu yote miwili. Wasalimie wazazi wake, mzee na mama, na yule wifi yako mdogo anayeshona nguo, ambaye jina lake kila nikilishika linaniponyoka, asinichukie kwa hilo. Wa huku nao wote wanakusalimu. Ndugu yako Gaudensi anakusalimu, bado yuko na bajaji yake, ya kukodi ile ile. Neema mkewe anakusalimu sana. Witness wao ameanza darasa la kwanza, anakusalimu, anakuita shangazi wa kwenye picha. Shangazi yako Helena magoti hayamwachi, lakini mdomo mzima kabisa, anakusalimu na anasema atakufa hajala tena samaki wa kukaanga wa mkono wako. Mwanaidi jirani anakusalimu. Kina mama wenzangu wa kwenye banda la kubangua korosho wanakusalimu mmoja mmoja, nikiwataja karatasi itakwisha. Baba yako tumempalilia kaburi wiki ya Pasaka, pako safi. Mimi mwenyewe mwili mzima.

Katika kuwataja wa kwako kuna mmoja nimemruka. Sikumsahau. Nimekaa na kalamu muda mrefu nikaona siwezi kumwandika somo yangu, mtoto wako, pamoja na watu wa kusalimiwa. Pole, mwanangu. Pole sana, mama. Pole hii nilipaswa kuja kuisema nikiwa nimekaa chini sakafuni kwako, siyo kwenye karatasi ya daftari la Witness.

Omari alifika mwezi wa nne, mara tu mitumbwi ilipoanza kuvusha watu tena pale Kilambo, akitoka huko kwenu Msumbiji. Alikuja kwangu kabla hata ya kwenda sokoni na mzigo wake. Akanieleza kwamba mtoto alizikwa Jumamosi ya tarehe 28 Februari, na kwamba ulimwagiza, kama nikiuliza habari zako, anijibu kuwa Telma hana mama. Unamjua Omari, mtu wa kutania, alitaka kulizungushazungusha hilo neno lisiniumize. Shangazi yako akambana, akamwambia wewe mwanaume umevuka mto mzima na neno mdomoni halafu unalitemea pembeni, liseme lilivyo. Akalisema. Sikulia mbele yao. Niliaga kwamba nawahi bandani.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu yangu iko polisi, nitakueleza. Na hata ingekuwepo, mambo haya siwezi kuyasema kwenye simu tena. Shule yangu unaijua, darasa la nne tu, kwa hiyo nivumilie. Barua hii nimeianza Alhamisi. Gaudensi alitaka kukuandikia yeye nikamkatalia, na sababu nayo utaiona. Nataka uisome kabla ya tarehe 25 mwezi huu, kwa sababu siku hiyo naitwa mahakamani kuwa shahidi, na sitaki maneno yangu ya mahakamani yakufikie kabla ya haya.

Baba yako alipofariki Julai, kile chumba chake cha mbele, alichokuwa akitengenezea baiskeli, kilikaa kimefungwa. Mwezi wa tisa tukampangisha kijana mmoja anaitwa Innocent, mtu wa Bukoba. Kazi yake ilikuwa kuuza na kusajili laini za simu, anakaa chini ya mwavuli pale stendi na kimashine chake cha alama za vidole. Telma, kijana yule alikuwa na adabu. Nikirudi na ndoo ananitua. Shangazi yako alimwita mchumba wake mbele ya watu, akimpita asubuhi anamuuliza bibi harusi ameamkaje, na shangazi anamjibu kwamba angewahi kuzaliwa angemwoa kweli. Tulikuwa tukicheka. Nyumba ilikuwa haijasikia kicheko tangu Julai.

Baada ya kama mwezi akaleta mtambo. Kisanduku cha chuma hivi, kama redio kubwa ya zamani, juu kimejaa antena fupifupi, na pembeni vijitundu vya kuwekea laini, safu kwa safu. Feni ikawa inakipepea kutwa kucha. Umeme wa LUKU akanunua yeye kwa nyumba nzima. Nilimuuliza ni kitu gani. Akaniambia mama, huyu ni mkalimani. Akasema simu za kawaida zina namna yao ya kuongea, na intaneti ina namna yake, hazielewani, basi mtambo huu unakaa katikati, unapokea kwa huku unatoa kwa kule. Nikaelewa upesi, maana nani asiyeelewa mkalimani katika ukoo wetu? Baba yako alipotupeleka kwa mara ya kwanza kuuliza karatasi zetu za uraia si mimi niliyemtafsiria babu yako, yeye anasema Kimakonde cha Mueda na karani anasema Kiswahili cha ofisini? Nikaona kazi njema. Nikawa nawaambia watu nina mpangaji mtaalamu.

Laini za huo mtambo zilitoka wapi? Kwenye vidole vyangu, mwanangu. Vidole vyangu unavijua. Mafuta ya maganda ya korosho yameshavila, hata upake majivu vipi. Kitambulisho cha taifa nilihangaika nacho siku tatu, kila nikibonyeza mashine haioni alama. Kwa hiyo laini yangu ilipofungwa Novemba nikamwomba Innocent anisajilie upya, nikakaa pale nje kwangu, akaniambia weka kidole. Nikaweka. Akasema haijasoma mama, weka tena. Nikaweka. Haijasoma, kifute kidogo. Nikafuta na kanga. Tukafanya vile karibu nusu saa, na mimi ndiye nilikuwa namwomba radhi yeye! Nilimwambia pole mwanangu, nakupotezea muda, vidole vya korosho hivi. Akasema usijali mama, tutafika. Kumbe ilikuwa inasoma. Kila aliposema haijasoma, ilikuwa laini nyingine mpya imeandikwa jina langu. Laini kumi na moja. Na kina mama wengine wanne wa bandani aliwafanyia hivyo hivyo, kwa sababu nani kati yetu angeshangaa kuambiwa kidole chake hakisomi?

Sasa nije kwenye Jumanne ya tarehe 24 Februari.

Ujue kwanza kwamba matapeli wa simu walikuwa wametushika vibaya. Mwanaidi alipigiwa na mtu mwenye sauti ya kukwama, analia, anamwambia mama mimi mwanao nimepata ajali, tuma kwa namba hii. Akatuma. Mwanawe yuko Masasi anakula ugali, hana habari. Tangu hapo mtaa mzima tukawa na mchezo: ikiingia namba usiyoijua, usipokee, au pokea umtukane. Kina mama bandani walishindana nani ametukana vizuri zaidi. Mmoja aliulizwa kama ni yeye mama Stefano akajibu ndiyo, na Stefano ndiye polisi wa zamu leo, subiri nikupe uongee naye. Tulicheka mpaka korosho zikamwagika.

Jumanne hiyo, saa nne asubuhi, nikiwa bandani, simu ikaita. Namba ya Tanzania, siijui. Nikaiacha. Ikaita tena. Nikapokea, nikasikia kelele kama maji yanachemka, halafu kimya, halafu kipande cha neno. Wenzangu wakasema tapeli huyo, mpe. Nikakata. Ikaita mara ya tatu. Sauti ikaja kwa vipande, inachelewa, nasema mimi ndipo yeye naye anasema, tunagongana. Nikasikia mama, nikasikia Telma, nikasikia mtoto. Nami nikajibu, wewe unayajua niliyoyajibu, lakini nayaandika ili usifikiri nimeyafupisha. Nilisema: Telma gani? Mwanangu Telma mimi alinisahau siku ya kumzika baba yake. Katafute mjinga mwingine. Nikakata. Wenzangu wakapiga makofi.

Ijumaa ndiyo somo yangu akafariki. Mimi sikujua. Siku hiyo hiyo mvua kubwa ikaanza, mto wa mpakani ukajaa, mitumbwi ikasimama.

Tarehe 16 Machi kikaja kigari chenye antena kwenye paa, kikazunguka mtaa wetu mara nne, polepole kama mtu aliyedondosha kitu. Kikasimama mlangoni kwangu. Wakashuka polisi watatu na watu wawili wa mambo ya mawasiliano, mmoja mwanamke. Innocent alikuwa ndani. Hakukimbia. Alipotolewa na pingu aliniomba maji ya kunywa, nikampa, na wale polisi wakaniangalia kama nami ni wa genge. Shangazi yako alimfuata mpaka kwenye gari anamwita mchumba, mchumba, umetufanya nini, na safari hii hakuwa anatania.

Nami nikachukuliwa, maana laini kumi na moja ni zangu. Nimelala kituoni usiku mbili, Telma, mimi ambaye hata faini ya baiskeli sijawahi kulipa. Yule mwanamke wa mawasiliano ndiye aliyenielewesha, kwa upole, anaongea na mimi kama binti. Alisema simu ya kutoka nje ya nchi ikipita njia yake halali inaingia na namba yake ya huko nje. Lakini kuna wanaoichepusha. Wanaipitisha kwenye intaneti mpaka chumbani kwa mtu kama Innocent, mtambo unaigeuza na kuitoa tena kwa laini ya hapa hapa, kama vile anayepiga yuko Mtwara mjini. Kampuni ya simu inalipwa kama simu ya jirani, kinachobaki wanakula wao. Anayepiga hana habari, anapiga kama siku zote. Anayepigiwa anaona namba ngeni. Na sauti inakwama kwa sababu mkondo mmoja mwembamba wa intaneti unabebeshwa simu za watu thelathini kwa pamoja.

Nikamuuliza kama simu kutoka Pemba, huko kwenu Msumbiji, zingeweza kupita humo. Akafungua kompyuta yake, akaniomba tarehe. Nikamtajia. Akashusha, akashusha, akasimamisha kidole. Akanisomea namba yako, Telma, tarakimu kwa tarakimu, mara tatu, saa nne na dakika sita, saa nne na dakika saba, saa nne na dakika tisa. Kisha akatazama laini iliyotolea simu hizo. Akasema mama, hii ni mojawapo ya zile zako. Mwanao alikupigia kwa jina lako mwenyewe.

Waliponiachia, Gaudensi akanipa simu yake nikupigie. Iliita mpaka ikachoka. Siku nne. Siku ya tano namba ikawa haipo kabisa. Ndipo Omari akaja na lile neno.

Tangu hapo kila mtu hapa ananifariji kwa ule mtambo. Gaudensi anasema mama, ni mtambo, wewe ungejuaje? Shangazi yako anasema wifi, hata malaika angemtukana. Padri alikuja, akakaa pale alipokuwa akikaa baba yako, akasema sina dhambi, mtu hawezi kuhukumiwa kwa asichokijua. Kina mama walionipigia makofi sasa wananiletea uji. Gaudensi ameshapanga kila kitu: tarehe 25 nisimame mahakamani niseme mtambo huu uliniulia mjukuu, hakimu asikie, na wewe uandikiwe hivyo hivyo, kwamba mama hakukujua, sauti iliharibiwa, kosa ni la Innocent. Anasema Telma akisikia hivyo atarudi. Nami naamini ungerudi. Hilo ndilo linalonitesa, kwamba naamini.

Telma mwanangu, yote niliyoandika hapo juu ni kweli. Namba ilikuwa ngeni na sauti ilikuwa imekatikakatika. Simu ya kwanza sikukujua. Ya pili sikukujua.

Ya tatu nilikujua.

Uliniita Mamá, ukaivuta ile a ya mwisho, kama mlivyokuwa mkimwita bibi yenu. Hakuna tapeli wa Tanzania anayeita hivyo. Nilikujua hapo hapo, na mkono wangu ulikuwa umesimama juu ya korosho. Na nilimsikia mtoto analia nyuma yako. Kilikuwa kilio cha kuchoka. Nimezaa watano, nimezika wawili, kilio kile nakijua. Nikajiambia watoto hulia.

Na yale maneno, hebu yafikirie mwenyewe. Tapeli anahusika nini na mazishi ya baba yako? Nilikuwa nasema na wewe. Maneno yale niliyaweka kifuani tangu Julai. Nilijua njia ilikuwa mbaya, nilijua mimba ilikuwa ya miezi saba, na Jaime alinieleza vizuri kabisa kwa nini hukuja. Nilikubali kwa mdomo. Moyoni nilikuwa naona kila siku kwamba hukuwepo upande wa kaburi uliopaswa kusimama. Ukamzaa mtoto ukampa jina langu, ukaniletea picha yake kwa Omari, nami nikaiweka ndani ya Biblia, sikukupigia hata kusema asante. Nilikuwa nasubiri uniombe. Ule mtambo ulinipa nafasi ya kukutukana bila kuwa mimi, mbele ya watu, na wakanipigia makofi, na Mungu anisamehe, nilisikia utamu.

Tena halikuishia hapo. Namba yako ya Msumbiji nilikuwa nayo, Gaudensi aliniandikia kwenye simu kwa jina lako. Jumatano nilikaa na simu kwenye pindo la kanga, nasubiri uite tena. Nilijisemea akiita mara ya nne nitapokea vizuri, nitamwambia nilifikiri tapeli. Alhamisi vile vile. Mitumbwi ilikuwa bado inavusha Alhamisi. Kama ningekurudishia simu Jumanne, Alhamisi ningekuwa mlangoni kwako. Sisemi ningemponya, mimi si daktari. Lakini ungekuwa na mtu wa kumshikia mtoto ukapata hata kusinzia, na Jaime yuko huko machimboni Montepuez. Usingekuwa peke yako naye chumbani.

Hili sijamwambia mtu. Padri alinipa msamaha wa kitu nilichomficha. Gaudensi hajui, na akijua sijui ataniangaliaje. Innocent ni mwizi, sikatai, na akifungwa afungwe kwa vidole vyetu alivyoviiba. Mahakamani nitasema hivyo, kwamba alitumia vidole vyangu, na nitakaa chini. Kwamba alimuua mjukuu wangu sitasema. Gaudensi atakasirika, shangazi yako atasema nimechanganyikiwa. Wacha waseme. Ningeweza kukuacha uendelee kuamini mtambo, ungerudi, ungenikumbatia, na kila ukiniita Mamá ningesikia simu ile. Siwezi, mwanangu. Afadhali unichukie kwa nilichokifanya kuliko unipende kwa uongo wa Gaudensi.

Sikuombi unisamehe katika barua hii. Naomba kujua mambo mawili tu. Kaburi lake liko wapi, na aliumwa nini. Na ukinikubalia nije, nitakuja na Omari safari yake inayofuata, nitakaa siku utakazosema, hata kama ni kukaa uani bila kusemeshwa. Ukikataa nisije, nitabaki huku.

Msalimie tena Jaime. Barua hii mpe aisome, usimfiche. Wa huku wote wanakuaga, na Witness ameniambia niandike kwamba amejua kuandika jina lake, basi nimeliachia nafasi hapo pembeni, utaliona limepinda.

Omari anaondoka Jumatatu alfajiri, atalala Pemba usiku mbili, halafu anageuza. Tafadhali mwanangu, usimwache arudi mikono mitupu. Usisubiri hasira ipoe ndipo ujibu, niletee ikiwa ya moto, hata kama ni neno moja, hata kama ni lile lile ulilomtuma mwanzo, ila safari hii liandike kwa mkono wako. Jibu upesi, Telma. Kila mtumbwi utakaotia nanga Kilambo Ijumaa nitakuwa pale.

Ni mimi mama yako,
Esperanca